Nusu ya Buni

Nilikwenda Kiwalani kutafuta dole gumba.

Sifanyi utani. Jua linazama, mkobani nina pedi ya wino na karatasi yenye nembo ya ofisi, namtafuta bibi mmoja aweke dole ili ofisi ikubali kwamba hadithi alizotunga alizitunga yeye. Ofisi yenyewe iko Temeke, inaitwa Kitengo cha Uthibitisho wa Watunzi. Nilipouliza kama nimpeleke mwenyewe pale, afisa alinijibu kwa upole kwamba mtunzi anaruhusiwa kufika yeye binafsi iwapo tu jalada lake limeshafunguliwa, na jalada hufunguliwa kwa dole la mtunzi. Nikauliza na aliyekwisha kufa? Akafikiri. Akasema huyo ni rahisi zaidi, ana cheti.

Mie naitwa Lubaba. Kazi yangu ni kufukua. Nafukua watu waliowahi kuutia hofu mji huu kwa karatasi, kisha mji ukawasahau kama unavyosahau mvua ya mwaka juzi. Miaka ya sabini na themanini vijitabu vya kutisha vilikuwa vikiuzwa barazani kando ya karanga, vyembamba, jalada limechorwa jicho au kaburi, gundi inatoka mkononi. Wasomi waliviita takataka, halafu wakavisoma chini ya dawati. Walioviandika hawakuitwa kwenye kongamano lolote. Wakifa, hakuna aliyesimama kusema fulani alitufanya tulale taa ikiwaka. Hilo linaniudhi. Wengine huudhika na foleni. Mie huudhika na hilo.

Na katika wote niliowafukua hakuna aliyemfikia Kondo.

Kondo lilikuwa jina la jaladani tu. Hadithi zake ziliwakausha watu mate. Kuna ile ya mfuaji wa shuka za maiti ambaye kila doa analolitoa linahamia ukutani kwa jirani. Kuna ile ya karani wa Manzese anayekufa, anapandishwa cheo baada ya kufa, na bado anachelewa kazini. Unacheka, halafu unafika ukurasa wa mwisho na huthubutu kwenda chooni peke yako.

Babu yangu Jafferali ndiye aliyezichapa. Alikuwa na mtambo wa kupanga herufi kwa mkono, akichapa kadi za harusi, matangazo ya majlisi na vitisho. Mie nilikuwa mtoto, nakaa chini ya meza nikichezea herufi mbovu, na nilimwona Kondo kwa macho yangu. Alikuwa mama mwembamba mwenye kikapu, ananukia kahawa, ana sauti ya mtu wa Bukoba.

"Mzee Jafferali, hapa nimeweka nukta tatu. Wewe umeweka moja. Mbili umempelekea nani?"

"Nukta zimeisha, dada Bernadeta. Chukua mkato."

"Mkato hautishi mtu!"

Walipigana hivyo kila alipokuja. Akishaondoka babu alininong'oneza: "Huyo ndiye Kondo. Usiseme nje. Ni mpiga chapa wa serikali, na bosi wake hapendi karani anayeweza kuandika zaidi ya barua anazoamriwa."

Basi mwaka huu niliandika makala gazetini. Nikasema Kondo anarudi, hadithi zote katika kitabu kimoja, na safari hii na jina lake la kweli, Bernadeta. Niliona nafanya jambo jema. Wiki haikuisha, akajitokeza mzee mmoja aliyestaafu ukurugenzi, Bwana Gozbert, na suti yake na fimbo yake yenye kichwa cha fedha. Akaiandikia Kitengo kwamba Kondo ni yeye. Bernadeta alikuwa karani wake tu; yeye akisema, binti akipiga chapa.

Kitengo kikamwamini mara moja. Kwa nini kisimwamini? Alikuja na mhuri.

Waliposahauliwa walisahauliwa bure, hakuna aliyewataka. Siku wanapokumbukwa, tayari mtu amesimama mlangoni na suti, anapokea pongezi. Nilipewa muda hadi kikao: nilete dole la Bernadeta, au kitabu kitoke na jina la Gozbert, au kisitoke kabisa.

Nilimtafuta kila mahali. Nikaenda redioni, nikaomba anayemjua anipigie. Siku mbili kimya. Siku ya Jumanne simu ikalia. Sauti ya mwanamke, chini sana, kama anayeongea na kiganja mdomoni.

"Mnayemtafuta yupo Kiwalani."

Akanielekeza. Uwanja wa mpira wa vumbi, kinyozi, uchochoro, mlango wa bati uliopakwa rangi ya samawati.

"Wewe ni nani, mama?"

"Jirani. Njoo leo, kabla ya giza. Akikasirika sana huwa hafungui."

Ikakatika.

Bajaji ilinishusha kwa kinyozi.

"Mama, mie mwisho hapa. Huko ndani tairi haliendi."

"Haliendi tairi au huendi wewe?"

"Vyote viwili," akasema, akageuza.

Nikaingia uchochoroni. Maji ya mfereji yalikuwa meusi na yamelala. Mtu alikuwa akikaanga samaki, redio ikipiga singeli, adhana ya magharibi ikaanza na singeli ikapunguzwa kidogo, kwa adabu. Kisha nyumba zikabanana zaidi, na sauti zikabaki nyuma yangu.

Ndipo nikasikia.

Tak... tak-tak... tak...

Taipu. Mashine ya chapa ya zamani. Mjukuu wa mchapishaji hawezi kuikosea sauti hiyo. Inapiga neno, inasita, inapiga tena. Nilifurahi, jamani. Nilikaribia kukimbia. Bibi wa watu bado anaandika!

Mlango wa samawati ulikuwa umekwama. Nikausukuma, ncha ya bati ikanichana dole gumba, mchano wa mshazari kutoka ukucha hadi kiungo. Damu ikatoka.

Tak... tak...

Kimya.

"Hodi."

"Umeshaingia," sauti ikasema. "Unapiga hodi ya nini?"

Chumba kilikuwa kimoja, kina dirisha dogo, mwanga wa mwisho umeanguka sakafuni kama kitambaa. Harufu ya kahawa iliyochemshwa na majani. Na chini yake harufu nyingine, ya utepe wa wino, ile inayokaa kwenye vidole hata uoge. Bibi alikaa kwenye kiti cha mbao, mgongo wima. Alikuwa mwembamba vilevile. Usoni sikumwona vizuri, alilipa dirisha kisogo. Nikaangalia mezani, chini, pembeni.

Hapakuwa na taipu.

Palikuwa na vidole vyake. Vyote kumi juu ya mikono ya kiti. Vikagonga mbao, kimoja kimoja.

Tak... tak-tak.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye yule wa chini ya meza."

Nikapata baridi shingoni. Sikujua kwamba aliniona enzi zile.

"Babu yako alinidai... hapana. Mimi ndiye ninayemdai. Nukta." Akacheka kidogo, bila pumzi. "Kaa."

Nikakaa kwenye kigoda. Nikamweleza yote: makala, Gozbert, Kitengo, dole. Nilipotaja Gozbert vidole vilisimama.

"Anasemaje?"

"Anasema yeye alikuwa akisema, wewe ukipiga chapa."

Ndege ikapita kwenda kutua, chini sana, bati za paa zikalia, na kwa muda huo wote niliuona mdomo wake ukifunguka na kufungika. Alikuwa anapiga kelele ndani ya mngurumo wa ndege. Ndege ilipokwisha alikuwa ametulia, kama hakuna kitu.

"Aligundua naandika," akasema polepole. "Akaniita ofisini. Nikadhani nafukuzwa. Akasema, Berna, sisi watu wa nyumbani, mimi nitakuficha, jina lako nitalitunza. Tukala buni, mimi na yeye. Nilimwamini, maana alikula. Mtu akila na wewe unamwamini."

Nikadhani anasema walikunywa kahawa pamoja ofisini. Nikatikisa kichwa kwa heshima, kama mjinga.

"Mwaka uleule akanifukuza. Akaniambia nikiandika tena Kondo, atasema niliiba karatasi za serikali. Karatasi! Nimekaa kimya miaka yote hiyo kwa sababu ya karatasi."

Hapo hasira zangu ziliamka. Niliapa mbele yake. Nilisema maneno mengi, mengine si ya kinywa cha mtu aliyelelewa vizuri.

"Utakichapa chote?"

"Chote, mama."

"Hutapunguza?"

"Hata nukta moja."

"Na jina?"

"Lako."

Akainama mbele. Bado sikuuona uso vizuri.

"Na yeye? Utanisaidia juu yake?"

Nikasema ndiyo. Nilisema kama unavyomwambia mzee yeyote anayelia juu ya adui wa zamani. Ndiyo, mama. Ndiyo. Hainigharimu kitu.

Akatoa mfukoni tunda moja kavu la kahawa, yale ya kutafuna, wanayokaribishia wageni kwao. Nilishawahi kupewa na rafiki zangu wa Bukoba, hukupa mkono mzima, utafune hadi umeshiba. Huyu alilipasua kwa ukucha. Ndani ya buni, kama mjuavyo, mna punje mbili zimelala kifua kwa kifua. Moja akaichukua yeye. Nyingine akaniwekea kwenye kiganja, juu ya damu ya dole langu, akanifumba vidole.

Mkono wake ulikuwa wa moto. Na kidoleni mwake naye palikuwa na unyevu.

Nikasema moyoni, masikini, hata buni anaigawa nusu. Kwetu tumefundwa kwamba cha mwenye kidogo hakikataliwi. Ukikikataa umemtukana. Nikakitia mdomoni. Kilikuwa kichungu, kina chumvi. Naye akatia chake.

Tulitafuna pamoja, kizani.

Kisha akaweka dole kwenye pedi na kwenye karatasi, pale alipoelekezwa. Nami nikaweka langu pembeni, kama shahidi. Sikuangalia. Mwanga ulikuwa umekwisha.

"Nenda sasa," akasema. "Nina kazi."

Nilipofika kwa kinyozi nikasikia nyuma yangu, mbali, ndani ya nyumba zile.

Tak-tak-tak-tak-tak-tak...

Haikusita tena.

*

Kikao kilikuwa Alhamisi alasiri, Temeke, chumba chenye feni iliyokufa na bango linalosema "Tabasamu, Unahudumiwa". Afisa aliitwa Bwana Fredrick, kijana nadhifu, ana kalamu mfukoni na nyingine sikioni. Gozbert alikuwa ameshawekewa kiti chenye mto. Mie nikapewa benchi.

"Binti yangu," Gozbert akasema, "umejisumbua bure."

Mie nina miaka hamsini na mbili. Nikampa karatasi Bwana Fredrick.

Akaitazama. Akaisogeza dirishani. Akaitazama tena. Akavua miwani, akaipangusa, akaivaa.

"Mama Lubaba, dole la mtunzi ni hili la kushoto?"

"Ndiyo."

"Na la shahidi ni hili la kulia?"

"Ndiyo. Langu."

"Yote mawili ni yako."

"Haiwezekani."

Akanisogezea. Na mie nikaona. Madole mawili, yamekaa sambamba. Mizunguko ileile. Na juu ya yote mawili, kutoka ukucha hadi kiungo, mstari mmoja mweupe wa mshazari.

Mchano wa bati.

Nikainua dole langu. Kidonda kilikuwa bado kibichi.

"Aliweka mbele ya macho yangu," nikasema. Sauti yangu ilikuwa ndogo.

"Mama, hii ni kughushi," Bwana Fredrick akasema, na kwa kweli alionekana kusikitika. "Tena kughushi kwa haraka. Watu wanaoghushi huwa wanabadilisha hata kidole. Hapa napaswa kupiga simu polisi."

Gozbert akainua kiganja kama askofu. "Msameheni. Amechanganyikiwa na mapenzi ya vitabu. Bernadeta mwenyewe nasikia ni mgonjwa wa siku nyingi, na hata alipokuwa mzima, msichana yule hakuwa na uwezo. Alikuwa na spidi ya vidole, ndiyo. Kichwani hapakuwa na kitu. Mimi nilimhurumia tu."

Nilimhurumia tu.

Hasira huwa nazijua. Huanzia kifuani, hupanda masikioni. Hizi hazikuanzia huko. Zilianzia chini, tumboni, zikajikunjua taratibu, kama mtu aliyekuwa amelala na sasa anatafuta kandambili zake. Mdomoni nikasikia uchungu. Na chumvi.

Nikafungua kinywa nimwambie mwongo.

Likatoka jambo jingine.

Sauti haikuwa yangu. Ilikuwa ya chini, tulivu, ya mtu mzee. Na maneno hayakuwa Kiswahili. Nilijua ni Kihaya kwa mlio wake tu. Sijui kukisema, sijui hata kusalimia. Yalikuwa maneno machache. Mwishoni yalipanda, kama swali.

Bwana Fredrick alinitazama mimi, akatazama bango, kana kwamba lina maelekezo.

Gozbert hakunitazama. Alijitazama tumbo.

Mkono wake ulishuka ukalishika, polepole, kama wanavyofanya wajawazito. Rangi ilimtoka midomoni. Nikasikia sauti ndogo... kitu kinachokwaruza... kisha kifungo cha shati lake kikaruka, kikagonga meza, kikazunguka, kikalala.

Cha pili kikafuata.

"Andika," akamwambia Bwana Fredrick.

"Niandike nini, mzee?"

"Mtunzi ni Bernadeta. Mimi sikutunga hata sentensi moja. Andika haraka."

"Lakini mzee, sina fomu ya mtu anayejitoa. Ninazo za wanaodai tu."

"Andika popote!" Alipiga kelele kama mtu aliyekanyagwa. "Andika mkononi mwangu!"

Iliandikwa nyuma ya karatasi ya dole. Gozbert akatia sahihi, akatoka akiwa ameshika mkanda wa suruali, fimbo ameiacha. Bwana Fredrick akaipiga karatasi mhuri, maana ndicho alichojua kufanya, kisha akaniuliza kwa sauti ya mtu aliyeko msibani:

"Mama, ulimwambia nini?"

"Sijui," nikasema. Nikaondoka na ushindi wangu mkobani, na jasho la baridi.

*

Usiulize kama nilifurahi. Nilikuwa na jina la Bernadeta limepigwa mhuri. Kitabu kingetoka. Na sikuweza kumeza hata chai.

Kesho yake asubuhi simu ikalia, namba ya Bukoba.

"Shikamoo dada. Naitwa Kokuberwa. Nimepewa namba yako na watu wa redio. Unamtafuta shangazi yangu, Bernadeta?"

"Marahaba. Nimeshamwona. Nilikwenda kwake Kiwalani, Jumanne."

Kuku akalia upande wake.

"Dada, shangazi yuko hapa nyumbani. Kiwalani aliondoka zamani. Alipigwa kiharusi, hatoki kitandani, hasemi kitu tangu mwanangu mdogo hajazaliwa."

Nikakaa.

"Ila Jumanne jioni," akaendelea, akishusha sauti, "aliashiria anataka buni. Nikampa. Akaipasua. Akatafuna nusu. Nusu nyingine tumeitafuta mpaka chini ya godoro, hatukuiona."

"Kwenu... nusu maana yake nini?"

"Mgeni hapewi nusu, dada. Mgeni anapewa zima, tena mengi. Nusu ni kuchanjiana. Mkila nusu kwa nusu na damu, basi mmekuwa mtu mmoja. Ni mambo ya wazee, siku hizi tunaenda kanisani. Zamani walisema mmoja akimgeuka mwenzake, ile punje aliyoila haifi. Inaota tumboni mwake."

Nikatazama kidonda cha dole langu.

"Nimekupigia kwa sababu nyingine," Kokuberwa akasema, na hapo nikasikia kwamba analia. "Jana alasiri shangazi ameanza kuongea. Tulishukuru Mungu, tumeita majirani. Lakini anaongea Kiswahili cha huko kwenu. Mie, mie. Anasema feni imekufa. Anasema yeye ana miaka hamsini na mbili. Dada... hii sauti yako ninayoisikia sasa hivi. Ndiyo hiyo."

Nyuma yake, mbali kidogo, nikasikia mwanamke anacheka. Nakijua kicheko kile. Nimekisikia kwenye kila video ya harusi ya ukoo wetu.

Nilikata simu. Sijarudi Kiwalani. Sina haja ya kujua anayepanga chumba kile.

Jioni hiyo, Ijumaa, nilikuwa nafunga ofisi yangu ya Kinondoni, ghorofa ya tatu, taa za barabarani ndiyo zinaanza kuwaka. Nikasikia watu wanapanda ngazi. Wanasimama. Wanapanda. Dereva aliingia kwanza, akija kinyumenyume, amemshika mtu mikono miwili.

Gozbert alikuwa amevaa kanzu. Hakuna shati ambalo lingemtosha. Tumbo lilimtangulia, limekaza kama ngoma iliyowambwa, na chini ya kitambaa lilikuwa na ufa katikati, kutoka juu hadi chini. Mstari ule uko kwenye kila punje ya kahawa. Chumba kizima kikanukia kahawa.

"Hospitali wanasema hawaoni kitu," akasema. Pumzi zake zilikuwa fupi. "Wamepiga picha. Wanasema ni gesi."

Nikamwangalia. Dereva akaangalia ukuta.

"Nilisema nini jana?" nikamuuliza.

"Hukujua?"

"Sijui Kihaya."

Akafumba macho. "Uliniuliza kama nimeshiba."

Nje mtu alipiga honi, akatukanwa, akajibu. Maisha yalikuwa yanaendelea pale chini, hatua chache tu.

"Lubaba," akasema, na kwa mara ya kwanza hakuniita binti. "Mwombe anisamehe. Mimi hanisikii. Wewe umekula naye, wewe atakusikia. Neno moja. Nimeshaandika, nimeshasaini, nimempa jina lake. Anataka nini tena?"

Simu yangu ilikuwa mezani. Namba ya Kokuberwa ilikuwa juu kabisa. Pengine hata simu haikuhitajika. Pengine ningefumba macho tu nikasema, mama, yatosha. Nilihisi kwamba anasikiliza. Ndani yangu kitu kilikuwa kimetulia, kimetega sikio, kinaningoja mie niamue. Hakinisukumi.

Nikamfikiria mama mwembamba mwenye kikapu, akipigania nukta zake. Nikafikiria miaka yote ya kimya. Nikafikiria wengine wote, wale ambao hawakuwa na buni ya kumlisha mtu, waliokufa na majina yao yamefunikwa, na wenye suti waliosema walikuwa wakiwahurumia tu.

"Mzee," nikasema, nikichukua funguo, "leo Ijumaa, na saa za kazi zimekwisha. Njoo Jumatatu."

Alitabasamu kwanza. Alidhani natania. Kisha akaniona uso, na tabasamu likabaki pale mdomoni peke yake, limesahauliwa.

Dereva akamgeuza. Niliwasikia kwenye ngazi muda mrefu, wakisimama kila mahali, na kati ya hatua na hatua ile sauti ndogo ya kitu kinachokwaruza, kinachotafuta nafasi.

Maneno yale ya Jumatatu yalitoka kwa Kiswahili changu, kwa sauti yangu. Hakuna aliyeniazima.

Jumatatu sikufungua ofisi.